Mstaafu wa Jeshi Asipange Foleni Peke Yake

Ndugu majirani wa Kibera na Kawangware, naandika kumwombea mtu mnayemfahamu. Ni yule mzee wa Gatina anayeamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa na mtu, akatandika kitanda na kunyoosha kila pembe, kisha akafagia mpaka mlangoni pa wapangaji wenzake. Ni yule mlinzi anayetoka Kawangware jioni kwa miguu kwenda kukesha kwenye lango la Lavington, na ukimwita "afande" anageuka kabla hajafikiri. Ni yule mama wa Makina anayeuza mandazi, ambaye marehemu mumewe alikaa jeshini miaka mingi akamwachia picha moja akiwa amevaa gwanda, pamoja na bahasha ya karatasi asizojua kazi yake. Watu hawa waliitumikia nchi, wao au wenzi wao. Nchi ina wajibu kwao, na sehemu ya wajibu huo imeandikwa katika sheria. Lakini kati ya sheria na chumba cha mabati pana safari ndefu ya ofisi, faili, barua na foleni, na wengi wanaisafiri peke yao mpaka wanakata tamaa.

Ninachoomba ni kwamba wasiende peke yao tena.

Huenda mtu akauliza kwa nini ombi hili lianzie kwetu, mitaa ambayo ina shida zake za maji, kodi ya nyumba na karo. Jibu liko chini ya miguu yetu. Hakuna mtaa Kenya wenye haki zaidi ya kulisemea jambo la askari mstaafu kuliko Kibera, kwa sababu Kibera yenyewe ilianza kama malipo ya askari wastaafu.

Mwaka 1890 kapteni Mwingereza, Frederick Lugard, alijenga ngome Dagoretti, upande huu huu wa Kawangware. Mwaka uliofuata alikuwa amefika karibu na Ziwa Albert, ambako alikuta mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan: askari kutoka Sudan, waliokuja kuitwa Wanubi, pamoja na wake zao, watoto na wafuasi, wakiongozwa na Selim Bey. Aliwachukua wakawa nguzo ya majeshi ya Mwingereza Uganda, na baadaye Kenya. Vikosi hivyo vilipounganishwa Januari 1902 na kuwa King's African Rifles, ile KAR ambayo wazee wetu waliita keya, Wanubi hao walikuwa miongoni mwa askari wake wa kutegemewa zaidi.

Walipozeeka, serikali ya kikoloni ilikuwa na swali la kujibu. Hawakuwa na reserve ya kabila ya kurudi kama askari wengine, na Sudan ilikuwa mbali, ina utawala mwingine. Pensheni ya kuwatosha haikuwepo. Jibu likawa ardhi. Kuanzia 1904 eneo lenye msitu kusini-magharibi mwa Nairobi lilitumiwa na jeshi, na mwaka 1918 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, ukubwa wake ekari zipatazo 4,197. Askari aliyetumikia miaka 12 angeweza kupewa kibali cha kujenga na kulima humo. Alijenga nyumba ya udongo, akapanda mahindi na miti ya matunda, akafuga, akaoza binti zake, akazikwa hapo hapo. Kwa macho yake deni lilikuwa limelipwa.

Tatizo ni kwamba kibali hakikuwa hati ya kumiliki. Maafisa waliotoa ahadi walihamishwa, wengine wakastaafu kwao Uingereza. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na waliokuja hawakuwajua wazee wale kwa majina wala kwa vita walivyopigana. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Carter, ambayo ripoti yake ilitoka 1934, iliwatazama kama wapangaji tu, watu wanaoweza kuondolewa serikali ikitaka. Uhuru ulipokuja 1963, ardhi ile ikawa ya serikali mpya, na kipande baada ya kipande ikajengwa mitaa mingine: Jamhuri, Lang'ata, Ayany, Olympic, Fort Jesus. Wajukuu wa askari wakawa wageni katika uwanja wa babu zao. Wengi walihangaika miaka mingi hata kupata kitambulisho, mpaka Machi 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki na ustawi wa mtoto ikaamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii ya Wanubi hati ya ardhi ya pamoja ya ekari 288. Lilikuwa jambo kubwa, na wazee walilia siku ile. Hata hivyo, ekari 288 katika 4,197 hazifikii asilimia 7, na zilikuja karibu miaka mia moja baada ya lile tangazo la 1918.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inatufundisha namna haki ya askari inavyopotea. Si lazima aje mtu aikatae. Inatosha ibaki midomoni bila kuwekwa kwenye karatasi, na mwenye kuikumbuka afe. Ndiyo maana ombi langu kwenu lina mambo mengi ya karatasi. Msinichoke.

Yaliyowapata Wanubi hayakuwapata peke yao. Vita vya kwanza vya dunia vilipopiganwa Afrika Mashariki, kuanzia 1914 hadi 1918, mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza kumfuata jenerali Mjerumani Lettow-Vorbeck kuanzia Taita mpaka Msumbiji. Hesabu zinazotajwa zinasema wapagazi waliokufa, wengi kwa njaa na maradhi, hawapungui 95,000. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Kariakor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Mishahara ya waliokufa bila jamaa zao kupatikana haikuwafikia warithi. Wakati huo huo, mwaka 1919, askari Wazungu waliokuwa wamemaliza vita walikuwa wakigawiwa mashamba katika nyanda za juu za Kenya.

Vita vya pili viliwachukua Wakenya takriban 98,000. Walipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia, wakapelekwa Madagaska, kisha Burma, ambako walitembea bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na malaria. Nyaraka za serikali ya Uingereza zilizofichuliwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kuwa kwenye malipo ya mwisho ya vita, askari Mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata hadi mara tatu ya alicholipwa Mwafrika. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, alikuwa Burma. Bildad Kaggia naye alivaa gwanda za jeshi hilo. Wanaume walioona risasi ikimuua Mzungu sawasawa na Mwafrika hawakurudi nyumbani kukubali kipande, kile kitambulisho cha kikoloni cha kutundikwa shingoni.

Mkitaka kuona kwa macho, nendeni na watoto wenu kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, mwendo mfupi tu kutoka Kibera. Makaburi 1,952 ya vita vya pili yamepangwa kwa mistari, karibu kila jiwe na jina lake, nyasi zimekatwa vizuri. Yanatunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo hiyo ilikiri Aprili 2021 kwamba baada ya vita vya kwanza, watu si chini ya 116,000, na labda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na baadhi hawakukumbukwa kabisa. Na katikati ya jiji, kwenye Barabara ya Kenyatta, zimesimama tangu 1928 sanamu za askari na mpagazi, chini yake maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yakiahidi kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Majina hayo hayapo kwenye sanamu.

Sasa tuje kwa walio hai.

Aliyepigana Burma akiwa na miaka 18 angekuwa leo na umri wa karibu karne nzima. Wachache mno wamebaki, lakini wajane wao wapo. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 za kuwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao, ili angalau wapate milo miwili kwa siku. Msaada wa aina hiyo hapa Kenya umekuwa ukipitia chama cha wastaafu wa jeshi, kilichojulikana zamani kama KAFOCA na sasa DEFOCA. Kama katika ploti yenu yuko bibi ambaye mumewe alikuwa keya, msiseme jambo lake lilipita na Mwingereza. Msaidieni aulize.

Kundi la pili ni wastaafu wa jeshi la Kenya huru. Humo mna waliopelekwa Namibia 1989 kulinda amani wakati nchi ile ikielekea uhuru, na wengine waliovaa kofia za buluu za Umoja wa Mataifa Sierra Leone na iliyokuwa Yugoslavia. Mna waliovuka mpaka wa Somalia Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi. Hawa wa Somalia bado ni vijana. Baadhi yao wameacha kazi wakiwa na miaka thelathini na kitu, mwili una nguvu, lakini masikio hayasikii vizuri na usingizi hauji.

Kwa hawa nchi imesema neno zito. Mwaka 2022, mwishoni mwa utawala wa Rais Uhuru Kenyatta, Kenya ilipata sheria ya wakongwe wa kijeshi. Inakubali kwamba aliyelitumikia taifa kijeshi anastahili kuandikishwa, kuheshimiwa na kusaidiwa baada ya kuvua gwanda, na inawakumbuka wanaomtegemea. Ni hatua nzuri, na waliopigania itungwe wanastahili shukrani. Lakini sheria hailipi kodi ya nyumba Kawangware. Inahitaji kanuni, bajeti, daftari lenye majina, na afisa anayepokea simu. Na daftari haliwezi kumhesabu mtu ambaye hakuna aliyelipelekea jina lake.

Hapo ndipo tunapoingia sisi.

Faili ya pensheni ya mwanajeshi huandaliwa Wizara ya Ulinzi, ambayo makao yake ni Ulinzi House, Hurlingham. Malipo hufanywa na Idara ya Pensheni ya Hazina ya Kitaifa, Bima House, katikati ya jiji. Kutoka Kawangware matatu ya 46 inapita karibu na ofisi ya kwanza. Umbali si kikwazo. Kikwazo ni kwamba mzee anafika mlangoni anaulizwa namba ya jeshi, naye ameisahau tarakimu moja. Anaulizwa cheti cha kuachishwa jeshi, kumbe kiliungua ule mwaka moto ulipopita Laini Saba. Jina kwenye kitambulisho limeandikwa kwa herufi nyingine kuliko lile aliloandikishwa nalo akiwa kijana. Anaambiwa arudi na barua ya chifu, anarudi nayo, anaambiwa sasa inahitajika kiapo cha wakili. Nauli inakwisha. Mwezi unapita. Mara ya nne hatoki nyumbani tena, na anawaambia watoto kwamba jeshi limemsahau.

Katika mitaa yetu karatasi zina maadui wengi. Moto, ndiyo. Mafuriko pia, na waliokaa kando ya mito wanakumbuka Aprili na Mei 2024. Na tingatinga: Julai 2018 zilipobomolewa nyumba za maelfu ya watu Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, ni bahasha ngapi zilizokuwa chini ya godoro zilizikwa kwenye kifusi? Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloomba ni dogo, na linaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye simu. Kaa na mzee huyo. Mwombe bahasha yake kwa heshima, mbele ya mtu wa nyumba yake. Piga picha kila karatasi, pande zote mbili: kitambulisho, cheti cha utumishi, karatasi ya malipo ya mwisho, barua yoyote yenye nembo ya jeshi, hata medali kama jina limechongwa. Andika kwenye daftari namba ya jeshi, kikosi, mwaka wa kuandikishwa, kambi alizokaa, mwaka wa kuacha, na jina la mwenzake mmoja wa kikosi aliye hai anayeweza kumtambua. Nakala zikae sehemu tatu: kwake, kwa mtoto wake anayemwamini, na kwenye barua pepe ya familia. Ninyi wenye saiba pale Sokoni Kawangware na pale Makina, naomba kurasa za wazee hawa mzichapishe bure, au kwa bei ya karatasi tu.

Jambo la pili: msindikizeni. Mzee aliyezoea kupokea amri huona haya kubishana na karani. Kijana aliyeketi kando yake na daftari huuliza kwa adabu, "Samahani, afisa, ni karatasi gani inayokosekana? Naomba utuandikie." Swali hilo la mwisho lina nguvu. Jibu likiandikwa, safari inayofuata ina shabaha. Likikosa kuandikwa, ipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa kila Mkenya haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Barua ya nusu ukurasa inatosha: mimi fulani, namba fulani, naomba kujua faili yangu imefikia wapi. Bakisha nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Siku 21 zikipita kimya, pelekeni nakala hiyo ofisi ya Ombudsman, iliyoko Waiyaki Way, Westlands. Hawatozi ada. Na mkiwa upande huo, ipo mamlaka inayoshikilia mali zisizodaiwa, UFAA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kuuliza kama kuna fedha za marehemu zilizolala kwenye benki fulani hakulipiwi.

Naomba muwe macho kwa watu wawili. Wa kwanza ni broka anayekutana na mjane nje ya ofisi na kumwambia kwamba ana mtu wake ndani, atoe elfu tano faili isukumwe. Faili haisukumwi kwa namna hiyo. Kinachosukumwa ni mama wa watu kwenye deni. Wa pili ni shailoki anayemkopesha mstaafu na kushika kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Pensheni ikiingia, shailoki anakuwa wa kwanza kuitoa, na mzee anakopa tena kabla ya tarehe kumi. Chama cha kina mama cha ploti kinaweza kumkomboa mtu wa aina hiyo kwa mkopo wa riba ndogo mara moja tu, na kadi ikarudi mfukoni mwa mwenyewe. Nawasihi vyama vyetu vilifikirie hili.

Wajane wanahitaji neno lao. Mwanajeshi wetu wa kawaida alioa kimila au msikitini, akahama kambi mara kadhaa, na wakati mwingine akaoa tena huko alikohamishiwa. Akifariki, mwenye haki anaulizwa cheti cha ndoa. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa ya kimila nayo hupaswa kusajiliwa, lakini wengi hawajafanya hivyo. Wanandoa mlio hai, ambao mmoja wenu yuko jeshini au amestaafu, nawaomba mkasajili sasa, mkiwa na afya na mnaongea vizuri. Machifu wetu wa Kibera na Kawangware, barua yenu inayotaja wategemezi wa marehemu ndiyo mlango wa kila kitu. Inapocheleweshwa, au ikiandikwa kwa kusikiliza upande wenye sauti kubwa, watoto wanakosa karo. Mwiteni mke, waiteni watoto wote wa marehemu, akiwemo yule wa nje, muandike ukweli mbele ya wazee wa kijiji.

Wapo wastaafu walioondoka mapema bila kufikisha miaka ya kustahili pensheni ya kila mwezi, wakapewa kiinua mgongo cha mkupuo mmoja, kikaisha. Hao wakifika miaka 70 bila pensheni wanaweza kuomba kuingizwa kwenye mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi, lakini ni unga na mafuta taa, nayo ni haki yao kama ya mzee mwingine yeyote. Tusiwaache waone aibu kujiandikisha eti kwa sababu waliwahi kushika bunduki.

Kuna jeraha lisiloonekana kwenye karatasi, na hapa naomba tuongee taratibu. Januari 15, 2016, kambi ya wanajeshi wetu El Adde, Somalia, ilishambuliwa alfajiri. Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow. Walionusurika walirudi, wakakaa kidogo kazini, wengine wakaacha. Leo mmoja wao anaweza kuwa jirani yako wa chumba cha pili. Mvua ya mawe ikipiga mabati anaketi sakafuni na kuegemea ukuta. Usiku anapiga kelele. Mkewe anasema ni malaria. Watoto wa ploti wamempachika jina. Anakunywa, na tunasema amelewa mali ya serikali. Kumbe ni ugonjwa wenye jina na wenye matibabu. Madaktari wa hospitali ya Mathari wanaujua, na kwenye Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi ya Ulinzi, ile ya Barabara ya Mbagathi tunayoipita tukitoka Kibera, haushangazi mtu. Hatuhitaji kuwa madaktari. Tunaweza kumwambia mkewe kwamba hajalogwa. Tunaweza kuwakataza watoto lile jina. Mwenzake wa kikosi anaweza kwenda naye siku ya kwanza ya kliniki na kumngoja nje. Akizungumza juu ya kujiua, asiachwe peke yake usiku huo, na asubuhi apelekwe hospitali.

Waajiri wa Lavington na Kilimani, mnaopita Kawangware mkiwa ndani ya magari, ninyi pia ni wasomaji wangu. Mlinzi wenu huenda aliwahi kuongoza watu thelathini, alijua redio, alitengeneza malori, alihudumia majeruhi. Mlipeni kima cha chini cha sheria, mpeni usiku wa kupumzika, na mumuulize anajua kufanya nini kingine. Fundi mitambo aliyefunzwa na jeshi kukesha langoni kwa miaka kumi ni hasara ya nchi nzima.

Uganda ilijaribu njia yake. Kati ya 1992 na 1995, baada ya vita vyao vya ndani, iliwarudisha nyumbani wanajeshi zaidi ya 36,000. Kila mmoja aliondoka na zaidi ya fedha: alipewa mabati ya kuezeka, mbegu na zana, karo ya watoto, na kulikuwa na ofisi wilayani kwake ya kumpokea na kumsikiliza. Haikumaliza matatizo yote, hasa kwa wajane na wagonjwa, lakini wazo lile la ofisi iliyo karibu na nyumbani ndilo ninalolitamani. Mbunge wa Kibra na mbunge wa Dagoretti Kaskazini, tunaomba muipeleke hoja hiyo kwenye kamati ya Bunge ya ulinzi: dawati la wastaafu wa jeshi katika Huduma Centre, angalau siku mbili kwa mwezi, lenye afisa anayeweza kufungua faili na kusema kinachokosekana. Na kila bajeti inapoletwa kwa maoni ya umma, tuulize kwa maandishi: ile sheria ya 2022 imetengewa kiasi gani mwaka huu, na daftari la wakongwe limefikia majina mangapi?

Walimu wa Olympic, Gatina na Kawangware Primary, wapeni wanafunzi kazi ya kumhoji mstaafu mmoja mmoja wa mtaa wao na kuandika alikotumikia. Vijana wa Nubian Rights Forum wamewasaidia majirani kwa miaka mingi kupata vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Wanajua kumtuliza mzee mbele ya kaunta. Tuwaombe watufundishe na sisi wa Kawangware. Maimamu na wachungaji, tangazeni Ijumaa hii na Jumapili hii kwamba kila aliyewahi kuwa jeshini, au mjane wake, aache jina lake na namba ya simu kwa karani wa msikiti au wa kanisa.

Na wewe unayesoma, anza na ploti yako. Gonga mlango wa yule mzee leo jioni, kabla hajaenda kazini usiku. Mwite Mzee, au Hajj, au afande kama anaupenda wito huo. Mwambie umekuja kumwona, unywe chai yake ukipewa, halafu mwulize namba yake ya jeshi, uiandike mahali pasipofutika.